Mlio wa Koni

Gerejini, 12 Februari

Mdogo wangu,

Huku tupo, wazima kwa kiwango cha watu wanaoamka, wanakula na kulalamika. Baba hajambo, ila goti lake sasa linatabiri mvua na mara nyingi linakosea. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama mumeo bado anapika vizuri kuliko wewe. Binti yangu ameingia sekondari, na kila nikimkatalia jambo anasema atamwandikia shangazi. Mwambie mpwa wangu kwamba mjomba bado anamtunzia ile baiskeli, nimeipiga rangi nyekundu.

Kabla ya yote, usinipigie simu. Gerejini kuna kelele, nyumbani nimechoka, na meseji sizitaki kwa sababu kioo cha simu kimepasuka na vidole vyangu vina grisi saa zote. Andika, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa bwenini. Barua naisoma nimekaa, nina chai mkononi, sina haraka na mtu.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata biashara mpya, nayo ni koni. Gari la kawaida linavuta hewa kupitia boksi jeusi la plastiki lenye chujio ndani, wewe unalijua. Mimi naling'oa boksi lote, naweka bomba la alumini na chujio la wazi lenye umbo la koni, basi. Injini inavuta hewa bila kubanwa. Ukikanyaga mafuta gari linaunguruma mpaka mtu wa mtaa wa pili anageuka. Vijana wanapanga foleni, na si vijana tu, juzi nimemfungia mwalimu wa hesabu na mhasibu mmoja mwenye kipara. Bado wananiita Fundi Sikio, kama zamani, maana mtu akiwasha gari tu namwambia linaumwa wapi kabla sijafungua boneti.

Tatizo ni mwenye shule ya udereva, yule ninayecheza naye drafti. Anatangaza mtaani kwamba koni zangu ni makelele matupu, haziongezi kitu. Kwa hiyo nimekutumia moja, imo kwenye boksi la viatu. Kazi yako ni kupima magari na mashine zote unazo. Ipime, uniandikie karatasi yenye muhuri wa maabara yenu, niibandike ukutani, huyo bwana aje aisome kwa miwani yake.

Hujafika hapa tangu msiba wa mama. Unakuja lini?

Kaka yako


Maabara, 6 Machi

Kaka,

Salamu zimefika, na boksi la viatu limefika likiwa limebonyea upande mmoja. Sisi wazima. Mume wangu anasema ndiyo, bado anapika vizuri kuliko mimi, na ameniomba niliandike hilo kwa herufi kubwa, nimekataa. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga picha kila siku ili pengo lisipotee bure.

Koni yako niliipima wakati wa mapumziko, kwa ruhusa ya mkuu wangu, kwenye gari la aina ile ile unayonisimulia. Nilipima kwanza gari likiwa na boksi lake, kisha nikafunga koni nikarudia. Nakueleza kama nilivyoona.

Nianze na kelele. Ndani ya gari, ukikanyaga mafuta, mlio uliongezeka kiasi ambacho sikio la kawaida lingesema umekuwa mara mbili. Lile boksi jeusi unalotupa halikuwekwa kwa ajili ya chujio peke yake. Lina vyumba vinavyomeza mlio wa hewa inayoingia. Ukiliondoa, mlio wote unamfikia dereva na jirani zake.

Nguvu tulizipima gari likiwa juu ya rola, magurudumu yanazunguka lakini lenyewe haliendi popote. Kwenye mizunguko ya chini ya injini, nguvu zilipungua kidogo. Koni yako imekaa wazi chini ya boneti, inavuta hewa ya moto ya injini yenyewe, na hewa ya moto haina uzito wa kutosha. Kwenye mizunguko ya juu zilirudi zikawa sawa na za boksi. Nyongeza sikuiona.

Halafu moshi. Umelipaka chujio mafuta ili linase vumbi, na umeyapaka kwa mkono wa ukarimu. Yalisafiri mpaka kwenye kile kiwaya chembamba kinachopima hewa inayoingia. Kiwaya kikichafuka, kompyuta ya gari inadanganyika na kumwaga petroli isivyostahili. Petroli isiyoungua iliongezeka kwenye moshi, na gesi ya sumu pia. Lingekuwa limekuja kwenye ukaguzi rasmi, tungelirudisha nyumbani.

Karatasi ya muhuri naweza kukuandikia, lakini mwenye shule ya udereva ndiye atakayeibandika ukutani kwake.

Jambo jingine. Nilikupigia wiki iliyopita ingawa umenikataza. Nilikuuliza kama baba amekwenda kliniki. Ukajibu, "Sawa sawa, sawa kabisa." Nikauliza alikwenda lini. Ukajibu, "Sawa sawa," ukakata. Amekwenda au hajakwenda?

Safari bado, kazini tumebanwa.

Mdogo wako


Gerejini, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika, na nikikasirika mwandiko wangu hausomeki hata na mimi. Baba amekwenda kliniki, presha iko sawa. Amehamisha kiti chake kutoka barazani, sasa anakaa nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji. Anasema huku mbele kuna kelele. Nadhani ni uzee. Wifi yako naye amekuwa mtu wa kunigusa bega kabla ya kusema neno, hata kama anataka chumvi tu. Nimezoea.

Vipimo vyako nimevisoma mara kadhaa. Wewe ndiye mtaalamu, sibishi. Lakini mimi ndiye ninayekaa ndani ya gari, na ninasikia likienda. Ukikanyaga, injini inaitika. Likiwa na lile boksi la plastiki sisikii kitu, gari limekufa, ni kama nasukuma kabati. Utaniambiaje hakuna nguvu wakati nguvu zenyewe nazisikia?

Hata hivyo maneno ya hewa ya moto yameniingia. Nimekata bati nikajenga ukuta kati ya koni na injini, nikapitisha bomba la mpira kutoka nyuma ya taa ya mbele ili koni ivute hewa ya nje. Mafuta ya chujio nimepunguza. Nakutumia toleo hili la pili. Nalo ulipime kwa roho safi.

La kwanza la aina hii nimemfungia mkunga wa zahanati yetu, yule mama mwembamba mwenye kagari keupe ka kuwafuata wajawazito majumbani. Yeye hakuomba. Nilimpa zawadi, kwa sababu alimhudumia wifi yako vizuri siku binti yetu alipozaliwa na sijawahi kumshukuru ipasavyo. Sasa amelalamika kwamba gari linampigia makelele. Nimemwambia atazoea.

Kazini mtabanwa mpaka lini?

Kaka yako


Maabara, 25 Aprili

Kaka,

Huku tumekuwa na mafua ya zamu, akipona huyu anaanza yule. Sasa wote tumesimama. Mpwa wako meno yameanza kuota, moja limechungulia upande, na picha zimesimama kwa aibu.

Toleo la pili nimelipima, na haki yako nakupa. Ukuta wa bati umefanya kazi. Kwenye mizunguko ya juu gari lilipata nguvu zaidi kuliko lilipokuwa na boksi lake. Ni nyongeza ndogo, dereva hawezi kuihisi, ni rola tu iliyoiona, lakini ipo. Moshi umeshuka tangu upunguze mafuta, ingawa bado uko juu kidogo ya ule wa boksi. Kelele haikubadilika. Mwenzangu mmoja alitazama ukuta wako akasema fundi huyu ana mkono. Nikamwambia ni kaka yangu, nikajidai mpaka jioni.

Ila hili la kusikia nguvu siwezi kuliacha lipite. Mlio ukiwa mkubwa, mtu anaamini anakwenda kasi zaidi. Tumewajaribu watu wengi hapa, wakiwemo wanaojua magari kuliko mimi, na mimi mwenyewe niliingia mkenge. Gari lilikuwa lile lile, tulichozidisha ni mlio peke yake.

Na kuna jambo ambalo mashine zangu haziandiki. Kelele moja inafunika nyingine. Breki iliyokwisha inakwaruza, beringi ya gurudumu ikianza kufa inaguna, na dereva habari hizo anazipata kwa sikio. Koni ikiunguruma, habari hazifiki. Tafadhali mtolee mkunga.

Kazini hapa kila mwaka tunapimwa masikio. Unakaa kwenye kijumba, unavaa vipokea sauti, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Hakuna maumivu yoyote. Mwaka huu nimeambiwa sikio langu la kushoto limeanza kupoteza milio myembamba, ndiyo maana nimepewa vikinga masikio vipya. Na wewe nimekununulia vya kwako, vimo kwenye kifurushi. Mtu aliyeishi ndani ya milio ya injini tangu ujana, naye akipimwa si vibaya. Nimesema tu.

Mdogo wako


Maabara, 30 Mei

Kaka,

Sijapata jibu. Natumaini kifurushi kilifika na kwamba kimya hiki ni cha hasira za kawaida. Sisi wazima. Mpwa wako anauliza kama baiskeli ina kengele.

Niandikie hata mstari mmoja. Mkunga umemtolea?

Mdogo wako


Gerejini, 21 Juni

Mdogo wangu,

Salamu leo ni fupi. Baba mzima, wifi yako mzima, binti mzima. Baiskeli ina kengele, binti yangu anasema inalia vizuri.

Mkunga amepata ajali. Yuko hai, nianze na hilo. Alikuwa anateremka ule mteremko wa kwenda sokoni, asubuhi, gurudumu la nyuma likakwama, gari likamvuta mpaka mtaroni. Amevunjika mkono wa kulia, umefungwa plasta kuanzia vidole mpaka kiwiko. Unajua mkono wa kulia wa mkunga ni kitu gani. Mjamzito aliyekuwa anafuatwa alijifungulia nyumbani, akasaidiwa na jirani, na mtoto alitoka salama. Hilo nalo ni la bahati.

Gari lililetwa kwangu kwa kamba. Beringi imesagika, imekuwa unga. Beringi haifi kwa siku moja, mdogo wangu, inaguna wiki nzima ikiomba msaada. Na mkunga aliisikia. Hapo ndipo ninaposhindwa kula. Alikuja kwangu kabla ya ajali akaniambia, "Fundi, nyuma kuna kitu kinaguna, kinakuja na kupotea." Nikachukua funguo, nikazunguka na gari mtaa mzima. Nilichosikia ni koni. Nikamrudishia funguo nikamwambia, "Mama, ni koni hiyo unayoisikia, tulia." Akatulia, kwa sababu mimi ni Fundi Sikio.

Sisikii. Ndiyo, umeshaelewa, lakini nataka niliandike kwa mkono wangu. Sikio la kulia limekwisha kabisa, la kushoto limebakiwa na milio mizito tu. Uziwi ulianza mwaka juzi. Mwanzo nilidhani watu wamekuwa wazembe wa kusema. Halafu injini zikaanza kuninyamazia, moja baada ya nyingine, nikifungua boneti naona mikanda inazunguka lakini hakuna mazungumzo. Nilipofunga koni ya kwanza, kwenye gari langu, nilisikia injini tena. Nilikaa kwenye usukani nikapiga resi mpaka wifi yako akatoka nje. Nilifurahi mno. Nikaanza kumfungia kila mtu.

Wateja wakija sasa namtazama mtu mdomo. Mtu akieleza gari lake lazima aigize mlio, hawezi kujizuia. Midomo ikibana ni mkanda, meno yakionekana ni breki, mashavu yakijaa ni bomba la moshi. Nimefanya kazi hivyo muda mrefu na hakuna aliyenigundua. Mkunga hakuigiza. Alisema tu "kinaguna," akiwa ameinama anatafuta pochi yake.

Usinipigie simu kunipa pole. Hutasikilizwa.

Kaka yako


Maabara, 2 Julai

Kaka,

Nimefurahi kwamba mkunga yuko hai na mtoto amezaliwa salama. Nimeliweka hilo mbele kama ulivyofanya wewe.

Nilikuwa najua. Wifi aliniambia tangu mwaka jana, akaniapisha nisiseme mpaka utakaposema mwenyewe. Alisema ukiambiwa utafunga mdomo, na mdomo ukifungwa itakuwa shida kuliko masikio. Nikakutumia vikinga masikio na hadithi ya kijumba, nikadhani nimekuwa mjanja. Ningekuuliza waziwazi mwezi wa nne, labda mkono wa mkunga ungekuwa mzima. Hilo nalibeba mimi, usinipokonye.

Nimesoma barua yako na vipimo vyangu vikiwa mezani, na nimeelewa kitu ambacho mashine haikuniambia. Nilikuwa nakubishia kuhusu nguvu, kumbe wewe hukuwa na haja na nguvu. Ulijitengenezea kifaa cha kusikia, kaka, kisha ukakifunga kwenye magari ya watu.

Beringi haikuuawa na koni. Ingekufa hata likiwa na boksi lake. Lakini ingekufa ikisikika, na mtu angeisikia. Kwa hiyo la kufanya liko wazi. Watolee wote uliowafungia, warudishie maboksi. Mwambie mkunga ukweli kwa mdomo wako. Nenda kapimwe. Hospitali ya mkoa wenu ina chumba cha masikio, nimeshauliza, wanapokea Jumanne na Alhamisi. Wifi ataenda nawe kwa sababu wewe utarudi ukiwa umesikia nusu.

Sikukasirikii. Naogopa kidogo, basi.

Mdogo wako


Gerejini, 18 Agosti

Mdogo wangu,

Baba anakusalimu, na safari hii nakuletea salamu zake neno kwa neno kwa sababu nimezisikia: "Mwambie huyo mtoto aache kufanya kazi kama punda." Goti lake limetulia. Binti yangu nimegundua anaimba akiosha vyombo. Anaimba vibaya. Simwambii.

Nilikwenda. Kijumba ni kama ulivyosema, isipokuwa mimi nilibonyeza kitufe mara chache sana, mpaka yule dada wa vipimo akagonga kioo akidhani nimesinzia. Wakanipa kifaa cha sikio la kushoto. La kulia wamesema lipumzike. Alipokiwasha, kitu cha kwanza nilichosikia ni nguo yangu mwenyewe ikisuguana begani. Sikujua shati lina kelele kiasi hicho. Wifi yako akaniita kwa nyuma kwa sauti ya kawaida, bila kunigusa, nikageuka. Akaanza kulia pale pale mbele ya watu, nikajifanya natafuta kadi ya hospitali.

Tukarudi nyumbani. Nikaenda moja kwa moja kwenye gari langu, nikawasha, nikakanyaga mafuta. Mdogo wangu, nilikizima kifaa. Kumbe hivi ndivyo mlivyokuwa mnaisikia koni. Ule mlio niliokuwa nauita uhai ni mtu anayepiga bati kwa hasira. Baba amekaa nyuma ya nyumba nusu mwaka na hakunitukana hata siku moja. Niliing'oa koni jioni hiyo hiyo, nikafunga boksi, nikawasha tena, na chini ya ukimya nikasikia mkanda mmoja unapiga mluzi mdogo. Nikaukaza.

Kwa mkunga nilikwenda na miguu. Nilimwambia yote, nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake uko kwenye kitambaa shingoni, kisha akasema, "Ungeniambia husikii, ningekuja na mtu anayesikia. Aibu ya nini? Kwangu mimi, anayeumwa akanyamaza ndiye anayenipa kazi kubwa." Hakusema amenisamehe. Aliniambia gari likiwa tayari nimpelekee, na kwamba atalisikiliza mwenyewe kabla ya kupokea funguo. Nimelipeleka. Alizunguka nalo mtaa mzima akiendeshewa na mdogo wake, vioo vimefungwa, akarudi akasema sawa.

Waliobaki ninawatolea mmoja mmoja. Vijana wawili wamekataa, wanapenda kelele, nimewaambia basi waende wakatazamwe na fundi mwingine. Mwenye shule ya udereva ameshinda mabishano na amenifunga drafti juu yake.

Nipigie Jumapili, mchana. Safari hii ninakuomba mimi.

Kaka yako


Maabara, 27 Agosti

Kaka,

Nilipiga Jumapili mchana kama ulivyotaka. Ulipokea. Nikasema haloo, nikauliza mmeamkaje, nikasubiri. Nilisikia unapumua. Nikaita, "Kaka?" Ukakata. Nikapiga tena, ukapokea tena, nikasema yale yale, ukanyamaza tena, ukakata. Wifi nilipompigia alisema umeingia chumbani na umefunga mlango, na hajui kuna nini.

Kama kifaa kimeharibika kinatengenezwa, wana dhamana, usiumie moyo. Kama ni sikio la kushoto nalo limeondoka, niambie hivyo hivyo. Sitapiga kelele, sitalia. Niambie tu, kwa sababu nimekaa na hiyo pumzi yako masikioni wiki nzima.

Mdogo wako


Gerejini, 5 Septemba

Mdogo wangu,

Kifaa ni kizima, sikio ni zima. Nilikusikia tangu haloo ya kwanza, kila neno.

Tangu masikio yaanze kuharibika, sauti yako kwenye simu ilikuwa inanifikia kama redio isiyoshika stesheni, kwa hiyo nikikusoma nilikuwa nakusikia kwa sauti yako ya zamani, ya msichana anayenishikia tochi nikiwa chini ya gari. Jumapili sikuisikia hiyo. Uliposema, "Haloo, mmeamkaje huko," niliyemsikia ni mama. Yale mapumziko madogo kabla ya kuuliza, na sauti inayoshuka mwishoni kana kwamba jibu analijua. Umekua ukawa na sauti yake, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu wengine walidhani naisikia, na wifi yako aliogopa kunitajia masikio.

Nilikaa kitandani. Sikukujibu kwa sababu nilijua nikijibu utaendelea kuongea, utanitania, utauliza habari za kifaa, na itageuka kuwa wewe. Nilitaka ibaki yake kidogo. Nikakata ili nisikujibu. Ulipopiga tena nilipokea makusudi, nikanyamaza, ili useme haloo nyingine. Nisamehe. Wewe ulikuwa unaita kwa wasiwasi na mimi nilikuwa nakusikiliza kama mwizi.

Jana nilimweleza baba. Akasugua goti. Kisha akaniuliza utapiga tena lini, na kama simu yangu inaweza kuwekwa sauti ya nje.

Piga Jumapili. Tutakuwa wawili, na mimi nitaitika.

Kaka yako